Bibi Afya na Choo cha Wageni

"Nauliza kwa mara ya mwisho: ndala za chooni zimefikaje sebuleni?"

Wifi yangu alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu, ameinyanyua ndala moja kwa ncha ya rula yake ya kupimia nguo, kama mtu aliyeokota nyoka na hajui kama amekufa kweli. Ndala ya pili ilikuwa bado mguuni kwa mume wangu, ambaye ndiye mdogo wake, na ambaye alikuwa anatazama mpira.

"Nimesahau kuvua, dada," mume wangu akasema, macho kwenye televisheni.

"Umesahau kuvua ndala. Suruali umekumbuka kuvaa?"

"Nimevaa."

"Basi kichwa kinafanya kazi, ni jeuri tu. Vua hiyo. Chemsha maji, upige deki kuanzia mlango wa uani mpaka hapo ulipoketi. Na zulia litoke nje."

Nikaona nisimwachie uwanja peke yake. "Wifi, zulia nimelifua juzi tu."

"Juzi lilikuwa halijakanyagwa na choo."

"Ni ndala, wifi. Choo hakitembei."

"Leo kimetembea. Kimekuja mpaka sebuleni, kimeketi, kinatazama mpira."

Huyo ndiye wifi yangu. Mtaa mzima unamwita Bibi Afya, ingawa afya hakuisomea wala hakuna aliyemwajiri kuisimamia. Ni fundi wa sare za shule. Anakaa vyumba vya mbele na cherehani chake, sisi tunakaa vyumba vya nyuma, na katikati ya uani kipo choo kimoja tunachokitumia nyumba zote mbili. Nasema tunakitumia. Mwenye nacho ni yeye.

Ndala za choo hicho hukaa mlangoni, pua zikiangalia ndani, maana yake ukitoka unazivua kinyumenyume kama mtu anayemuaga mfalme. Kopo la chooni ni jekundu, la kuogea ni la bluu, na siku niliyochota maji kwa lile jekundu nikamwagilia maua, maua aliyang'oa. Brashi huning'inizwa ikauke, haiachwi ndani ya maji, kwa sababu kwa maneno yake, "Brashi inayolala kwenye uchafu inakusafishia nini?" Mikono inanawiwa mpaka viwiko. Mtoto wa jirani akija kucheza ananuswa vidole kwanza, salamu baadaye. Mimi ulimi wangu hauna mfupa na nimegombana naye kwa kila moja ya sheria hizo, lakini nitasema na lililo kweli: tangu niolewe hapa sijaona nzi akitua kwenye choo chetu. Nadhani na wao wameshakaripiwa.

Basi tuko kwenye zulia hilo, simu yake ikalia. Alikuwa ni binti yake. Ana huyo mmoja tu, ameolewa mbali, mwendo wa saa tano nzima kwa basi, anaishi na wakwe zake kwa sababu mumewe ni dereva wa lori na nyumbani huja kama mgeni.

Wifi akaweka sauti ya juu, maana mikono ilikuwa imeshika choo.

"Mama, umekuwa bibi. Mtoto wa kike. Nimejifungua kwa upasuaji, lakini tuko salama, tumesharudi nyumbani."

Ndala ikamponyoka kwenye rula ikaangukia zulia, na Bibi Afya hakuitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari imemwingia.

"Mwanangu! Nitumie picha nimwone."

"Situmi picha."

"Eh?"

"Ukitaka kumwona uje. Na uje ulale. Nakudai, mama. Nakudai mwezi mzima."

"Mwezi!" Wifi akaketi kwenye kochi, karibu amkalie mdogo wake. "Mwanangu, unajua hali yangu."

"Naijua. Harusini kwangu uliondoka watu hawajaletewa chakula. Picha zote za familia mama wa bibi harusi hayumo, yumo Anti." Anti ni mimi. "Niliugua ukaja asubuhi na basi la alfajiri ukageuza na basi hilo hilo. Sasa nina mshono tumboni, siwezi kuinama, siwezi kuinua ndoo, na kila anayekuja kunitazama ananiuliza mama yako yuko wapi. Mara hii usipokuja, basi. Mwanangu nitamwambia ana bibi mmoja."

Simu ikakatwa. Mume wangu akazima mpira bila kuambiwa.

Hali yenyewe ni hii, na mtaani kila mtu anaijua: Bibi Afya hajawahi kuingia choo cha watu. Hajawahi, tangu awe na akili ya kukataa. Akialikwa shughuli, maji anaacha kunywa tangu jana yake. Msibani analia haraka haraka, anakumbatia wafiwa, anaondoka. Kiwanda cha nguo kilimwita kuwa msimamizi wa mafundi, mshahara mzuri, vyerehani vya umeme; alikwenda siku moja, saa sita mchana tukamwona anakuja mbio barabarani na tepu bado iko shingoni. Hakurudi. Ukimuuliza anaogopa nini, anakujibu, "Sijui aliyetangulia alikuwa nani." Ukimwambia paliposafishwa ni pasafi, anauliza, "Uliona wewe wakati panasafishwa?" Sasa hapo utasema nini?

Siku ile hakushona. Alikaa mbele ya cherehani ameshika kaptula isiyo na pindo mpaka giza likaanza kuingia, kisha akaniita.

"Wifi, nitakwenda. Lakini lazima nijizoeze."

"Ujizoeze nini?"

"Choo cha watu. Nianze na cha karibu."

Cha karibu kilikuwa cha kinyozi. Kesho yake tukaenda, yeye mbele na ndoo yake ya sabuni, mimi nyuma kama shahidi. Kinyozi alikuwa na mteja kichwa nusu, akasimamisha mashine.

"Bibi Afya, umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuomba choo, baba."

Kinyozi akamtazama mteja, mteja akamtazama kinyozi. "Wewe? Choo changu mimi?"

Akaingia. Tukasubiri. Tukasikia brashi inakwangua, maji yanamwagwa, brashi tena, maji tena. Mteja wa kichwa nusu akaanza kutazama saa. Mwishowe wifi akatoka, jasho linamtiririka, mikono ya gauni imekunjwa mpaka mabegani.

"Vipi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekisafisha."

"Na?"

"Na nimechoka, nataka kwenda nyumbani."

Kinyozi akaenda kuchungulia, akarudi ameshika kichwa. "Jamani, kumbe sakafu yangu ni ya kijani!"

Hivyo ndivyo mazoezi yalivyokwisha. Akafunga mizigo. Nguo zake ziliingia kwenye mfuko mdogo ambao mtoto wa shule angeona haya kuubeba. Ule mkoba mkubwa, ule wenye zipu mbili, ulijaa ndala mpya, kopo jipya, brashi, sabuni ya unga, sabuni ya mche, dawa ya kusafishia sakafu, taulo za mikono na glovu za kufulia. Mume wangu akaniomba nimsindikize. Nilikubali kwa mapenzi ya mtoto, na pia, kwa nini nifiche, sikutaka kusimuliwa.

Njiani hakula wala hakunywa. Basi liliposimama abiria wajisaidie, yeye alikumbatia mkoba wake na kuwatazama wanaoteremka kama anayeona watu wanakwenda vitani.

Tukapokewa na mama mkwe wa binti. Ni mwanamke wa mwili na sauti, anauza mayai ya jumla, watu wanamwita Mama Mayai. Akamkumbatia wifi, akamnyang'anya mfuko wa nguo, mkoba akautupia jicho asiuguse.

"Mwenzangu, karibu. Sifa zako zilitangulia."

"Sifa gani tena?"

"Zile zile," Mama Mayai akasema, na jasho lilikuwa linamtoka puani.

Kwanza tulimwona mtoto. Hapo sitatia chumvi. Wifi alinawa mpaka viwiko, akanikabidhi taulo, akamchukua yule mtoto, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameshika kitu bila kukikagua. Binti akiwa kitandani alikuwa anamtazama mama yake, si mtoto. Akasema, "Umekuja."

"Nimekuja."

"Na kulala je?"

"Nimekuja, mwanangu. Tuanze na hilo."

Mama Mayai akakohoa mlangoni. "Mwenzangu, kuna kitu nataka nikuonyeshe."

Shingoni alikuwa amevaa kamba ya kiatu, na kwenye kamba ile ufunguo. Akatuongoza mpaka mwisho wa ukumbi, akafungua mlango uliopakwa rangi karibuni, akasogea kando.

Kilikuwa ni choo. Nyumba nzima wanatumia choo cha shimo kilicho nje, lakini Mama Mayai, tangu asikie mkwewe ni mjamzito na mama yake ni Bibi Afya, alikuwa anadunduliza faida ya mayai ajenge choo cha ndani, cha kukaa, cha wageni. Yaani cha mgeni mmoja. Vigae vyeupe mpaka darini. Sinki la kukalia linang'aa, juu ya mfuniko kitambaa cha kufuma. Maua ya plastiki dirishani. Tangi la maji limejazwa asubuhi hiyo hiyo.

"Hakuna aliyeingia," Mama Mayai akasema. "Tangu kiishe, hakuna. Hata mume wangu na goti lake bovu nimemwambia aende huko huko nje. Unauliza aliyetangulia ni nani? Hakuna, mwenzangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Bibi Afya akaingia kwa ncha za vidole. Akapitisha kidole nyuma ya sinki, mahali ambapo watu hawasafishi. Akakitazama. Akakinusa. Akainama akachungulia chini ya ukingo. Akapapasa pembe za sakafu. Mama Mayai alikuwa haonekani kupumua.

"Mwenzangu," wifi akasema mwishowe, "sina la kusema."

Ningekuwa na kalamu ningeandika tarehe.

Ufunguo akavalishwa yeye. Lakini kukisifia choo ni kimoja na kukitumia ni kingine. Alirudi chumbani kwa mtoto, akaletewa chai akainywa, kwa sababu kukataa chai ya mtu aliyekujengea choo ni ukatili. Ikaletwa ya pili. Nikamwona anapishanisha miguu. Nikamwona anaitenganisha, anaipishanisha upande wa pili.

"Nenda, wifi," nikamnong'oneza.

"Panang'aa mno."

"Si ndivyo unavyotaka?"

"Ni kama kupiga chafya juu ya shuka la maharusi. Sijisikii."

Binti alikuwa anamtazama kutoka kitandani, na safari hii alikuwa haombi tena, alikuwa anahesabu. Wifi akaliona jicho lile. Akanipa mtoto, akasimama, akavuta gauni chini kama anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani, akashika njia ya ukumbini. Komeo likalia.

Mama Mayai akazima redio kwa heshima. Heshima gani! Ukimya ule ungemfunga hata ng'ombe. Nikaiwasha tena, nikaongeza sauti. Tukakaa, mimi na mtoto, binti na mshono wake, Mama Mayai na mikono yake kifuani, tunasikiliza taarifa za bei za mahindi bila kusikia hata neno.

Kisha maji yakaporomoka.

"Linavuta!" Mama Mayai akaruka. "Jamani, linavuta!" Akapiga makofi. Binti akafunga macho na machozi yakamtoka pembeni, na mimi nikambusu mtoto kichwani nikamwambia, bibi yako ameweza.

Ndipo tukasikia sauti ya mzee kutoka nyuma ya nyumba.

"Wee! Wee! Nani huyo? Nani anamwaga?"

Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, Mama Mayai huwa anapanga trei zake za mayai. Na hapo hapo mumewe, ambaye sasa ni Babu, alikuwa ameketi kwenye kigoda anakata kucha za miguu. Trei ziliziba ukuta, na kumbe nyuma ya trei bomba la choo lilikuwa limetokeza, limekatika hewani, linaangalia uani kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Shimo lilichimbwa, lipo, zuri, lakini kati ya bomba na shimo hapakuwa na kitu. Tulipofika, trei za chini zilikuwa zimelowa, na Babu alikuwa amesimama juu ya kigoda, suruali imekunjwa, anatazama vidole vyake kimoja kimoja.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mguu wa pili," akasema.

Nikarudi mbio ndani. Mlango wa choo ulikuwa bado umefungwa.

"Wifi," sauti ikatoka ndani, ndogo.

"Abee."

"Kelele za nini?"

"Bomba halikuungwa, wifi."

"Imetokea wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kuna nani?"

"Kuna Babu."

"Babu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mzima mzima?"

"Miguu tu."

Nikasikia amekaa chini. Sakafuni! Bibi Afya, kwenye sakafu ya choo!

"Nipitishie mkoba wangu dirishani," akasema. "Nikitoka humu naelekea kituo cha basi."

"Dirisha la choo, wifi? Hapo hapiti hata paka."

"Basi nitakaa humu mpaka wote wanisahau."

Binti alikuwa ameinuka kitandani. Alikuja ukumbini ameinama, mkono tumboni, mkono ukutani. Nilitaka kumshika akanisukuma. Uso ulikuwa unahangaika kati ya kucheka na kulia, na vyote viwili vilikuwa vinamuuma mshono.

"Mama."

"Mwanangu, nimemmwagia baba mkwe wako."

"Najua."

"Nilikwambia. Nilikwambia mimi si mtu wa kutoka nyumbani. Acha nirudi kwenye choo changu."

"Rudi," binti akasema. "Lakini ukienda kituoni leo, tumemalizana. Sitakupigia tena. Aibu hii nitaisahau, mama. Kuondoka kwako sitakusahau."

Mama Mayai akafika, akapiga magoti mbele ya tundu la ufunguo, mwili wote ule.

"Mwenzangu, kosa ni langu."

"Ni langu," mlango ukajibu.

"Nasema ni langu! Sikiliza. Fundi alikuja kumalizia bomba. Akasema kwanza aingie ndani ajaribu maji. Mimi nilikuwa nimeshapiga deki, nimeshatandika kitambaa. Nikamfukuza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya buti lake. Nikamwambia kazi yako imekwisha, usinikanyagie. Akadhani nimepata fundi mwingine, akaenda zake."

Sauti ikatoka polepole, "Buti lilikuwa na matope?"

"Matope matupu! Mpaka kwenye kamba."

"Na alitaka kupanda nalo kwenye vigae?"

"Moja kwa moja."

"Hata mimi ningemfukuza," Bibi Afya akasema.

Babu naye akaja, amevaa viatu vingine, anachechemea na goti lake. "Nauliza," akasema, "hivi aliyelowa ni nani? Ni mimi. Mbona kila mtu analia isipokuwa mimi? Mama, toka. Nimeshanawa. Nilifanya kazi ya kulinda ghala la samadi tangu ujana wangu, hii ni manukato."

Binti akajiegemeza ukutani. "Babu, usinichekeshe, mshono!"

Lakini mlango haukufunguka. Aibu ilikuwa nzito kuliko maneno yote yale. Mama Mayai akainuka kwa kushikilia kitasa.

"Haya," akasema kwa huzuni. "Kaa mpaka moyo utulie. Mimi nakwenda kusafisha huko nyuma kabla jirani hajachungulia."

"Unasafisha kwa nini?" sauti ikauliza.

"Si kwa sababu pamechafuka?"

"Nauliza kwa kitu gani."

"Kwa maji na ufagio."

"Ufagio upi?"

Mama Mayai akautazama alioushika. "Huu hapa. Wa sebuleni."

Komeo likafyatuka kama risasi.

"Wa wapi?" Bibi Afya alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, kilemba kimeenda upande, kidole kimeshanyooka. "Ufagio wa sebuleni ukafagie uchafu wa chooni? Kisha urudi ukafagie anapolala mjukuu wangu? Weka chini! Usiegemeze ukutani, weka chini! Wifi, mkoba. Babu, maji ya moto, mengi. Na wewe," akamgeukia binti yake, "nani amekuruhusu kusimama? Rudi ukalale. Nakuja kukutazama nikimaliza."

Binti akauliza, "Ukimaliza unakuja?"

"Sasa nitakwenda wapi na nyumba iko hivi?"

Tulifanya kazi mpaka jua likashuka. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mayai.

"Yanaoshwa," Mama Mayai akasema. "Yai lina ganda."

"Ganda lina vitundu."

"Vitundu gani? Nimeuza mayai maisha yangu yote sijaona kitundu."

"Na kifaranga anavuta hewa kwa wapi, kwa barua?"

Mama Mayai akaliinua yai moja kwenye mwanga wa jua, akalitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Yaliyolowa yakafukiwa. Akayafukia mwenyewe, akayaaga.

Nao usiku ule ulikuwa unakuja, na choo cha ndani kilikuwa hakitumiki mpaka fundi apatikane. Kilichobaki ni kile cha nje, cha shimo, kinachotumiwa na nyumba nzima na wateja wa mayai. Bibi Afya akasimama mbele yake na brashi. Mama Mayai akasimama pembeni yake na ndoo. Wakaingia wote wawili, wakatoka wote wawili, vichwa vimejaa povu.

"Umeona wakati panasafishwa?" nikamuuliza wifi.

"Nimeona."

"Aliyetangulia unamjua?"

Akamtazama Mama Mayai, akamtazama Babu na goti lake. "Nawajua wote," akasema. Akavaa ndala za Mama Mayai, kwa sababu zake zilikuwa kwenye dawa, akaingia, akafunga mlango wa bati. Hatukuwasha redio.

Mimi nilirudi nyumbani baada ya siku chache, na zulia langu likawa na amani. Habari nilikuwa nazipata kwa simu. Fundi alipatikana. Alipofika alivuliwa buti nje, akafungwa mifuko ya plastiki miguuni, akaunga bomba huku wanawake wawili wamemsimamia. Kisha Bibi Afya akavuta maji, tena na tena, Babu amesimamishwa nyuma ya nyumba anapiga kelele, "Kavu! Bado kavu! Jamani, inatosha, pakavu!"

Nusu ya mwezi ilikuwa haijatimia vizuri binti akanipigia, ananong'ona.

"Anti, njoo umchukue."

"Kuna nini? Mmegombana?"

"Hatujagombana. Njoo tu."

Nikaenda. Mlangoni nilizuiwa na Mama Mayai, si kwa ubaya. Alinishika mikono akaigeuza, akaipeleka puani. "Kanawe kwanza," akasema, "salamu baadaye." Kwenye ukumbi palikuwa na ndala za kwenda chooni na ndala za kutoka chooni. Makopo yalikuwa ya rangi ambazo sikuwahi kuziona. Babu nilimkuta amejificha kwenye banda la kuku, na kikombe cha chai.

"Humu hajafika bado," akaniambia. "Lakini jana alisimama pale, akachungulia."

Chumbani, wifi alikuwa amempakata mjukuu. Mtoto amenona, kucha zimekatwa, nepi imekunjwa mapindo ambayo hata pasi haiwezi. Binti alikuwa anatembea wima sasa, rangi imemrudi. Alikuwa amependeza, na amechoka kama mtu anayejiandaa kwa mtihani kila siku.

"Wifi, umekuja kufanya nini?" Bibi Afya akaniuliza kwa mashaka. "Mwezi haujaisha. Mwanangu ananidai mwezi mzima, nami nimeazimia kuulipa wote. Na nikimaliza nafikiria kuongeza mpaka huyu ajue kutambaa, maana sakafu hii bado siiamini."

Binti akaja akaketi kando ya mama yake. Akamwekea kichwa begani.

"Mama, nusu iliyobaki nimekusamehe."

"Nusu nzima?"

"Nusu nzima. Hunidai, sikudai."

"Usije ukanisema baadaye."

"Sikusemi. Anti ni shahidi."

"Hata mimi!" Babu akapaza sauti kutoka kwenye banda la kuku.

Wifi akamtazama binti yake usoni kwa muda, kutafuta kama kuna kilichobaki kwenye pembe. Hakukiona. Akanikabidhi mtoto, akaenda kukusanya brashi zake.